Taka za Sumu Turkana: Kwa Nini Muhuri wa Serikali Hauaminiki

Mbuzi wakifa ghafla karibu na visima vya mafuta vya Turkana Mashariki na Turkana Kusini, jibu hupatikana kabla daktari wa mifugo hajafika: ni dawa za kampuni. Ofisa wa serikali akija baadaye akasema ni ugonjwa, au ni ukame, watu humsikiliza kwa adabu na kumpa kiti kivulini, na akishaondoka hubaki na lile waliloliamini tangu mwanzo. Aliye Nairobi ni rahisi kuliita jambo hili ushamba. Mimi naona kinyume. Wananchi wa Turkana wamezipima ahadi za serikali kuhusu taka za sumu kwa miaka mingi, kwa vipimo walivyo navyo, na uamuzi waliofikia una msingi kuliko taarifa nyingi zinazotoka Lodwar za kuwatuliza.

Tukiongelea taka za sumu Turkana, mawazo ya wengi hukimbilia mafuta. Ni haki, lakini swali ni pana kuliko hapo. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 926,976. Ndani yake zimo hospitali na zahanati zinazotoa sindano, damu na dawa zilizopitwa na muda. Kuna magereji yanayomwaga oili chafu. Kuna makopo ya dawa za kuua kupe. Na kuna betri, maelfu kwa maelfu ya betri, kwa sababu huku watu wameishi kwa jenereta na sola. Bwawa la Turkwel limekuwa likizalisha umeme tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, megawati 106, na umeme huo ukapelekwa kusini, huku Lodwar, makao makuu ya kaunti, ikiendelea miaka na miaka kuungurumishiwa mitambo ya dizeli.

Kabla ya sheria na ofisi, tuanze na ardhi yenyewe, maana ndiyo inayofanya jambo hili kuwa la kufa na kupona. Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Mto Omo kutoka Ethiopia huleta karibu asilimia 90 ya maji yake, Turkwel na Kerio huleta yaliyobaki, na kinachoondoka huondoka kwa mvuke peke yake. Risasi na aseniki hazipandi na mvuke. Bonde la Lokichar, lenye mafuta, lina laga, yaani mito ya msimu, zinazoelekea upande wa Kerio na upande wa Turkwel. Lodwar hunywa maji ya visima vilivyochimbwa kandokando ya Turkwel. Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kaskazini-magharibi, hutegemea visima vya kandokando ya laga ya Tarach, na Tarach hata ziwani haifiki. Maji yake hutawanyika na kukaukia katika tambarare ya Lotikipi. Kwa hiyo sumu ikishaingia katika nchi hii haina mlango wa kutokea. Kule pwani watu huweza kujidanganya kwamba bahari itazoa. Turkana hakuna wa kuzoa.

Na hiyo Lotikipi ina kumbukumbu yake. Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kwamba chini ya tambarare hiyo kuna hazina ya maji ya kutosha nchi nzima kwa miaka 70. Magazeti ya dunia yakaandika, viongozi wakapiga picha. Vipimo vya baadaye vikaonyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi kupita kiasi cha kunyweka bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Aliyesikia tangazo la kwanza kwa shangwe na la pili kwa minong'ono, akiambiwa kesho kwamba maji ya kisima chake ni salama, atauliza: wamepima lini, na watabadilisha maneno lini?

Uchimbaji wa mafuta nao haukuanza na kampuni ya Tullow. Shell ilichimba Eliye Springs na Loperot mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafunga, ikaondoka. Ng'ambo ya ziwa, katika kaunti ya Marsabit, kampuni ya Amoco ilichimba eneo la Chalbi katika miaka ya 1980. Wakazi wa Kargi, katika eneo hilo, wanashikilia mpaka leo kwamba saratani iliyowaua jamaa zao na vifo vya mifugo wao vimetokana na kemikali zilizoachwa huko. Shauri hilo limezungumzwa Bungeni na limefika mahakamani. Sitalitolea hukumu hapa, maana ushahidi wake ni kazi ya korti. Linalohusu mada yetu ni kwamba miaka zaidi ya 30 ilipita bila serikali kuwapa watu wa Kargi jibu la kisayansi ambalo wangeweza kulishika mkononi na kulisoma. Amoco yenyewe iliungana na BP mwaka 1998, jina likapotea. Habari za Kargi zinafahamika vizuri upande wa Turkana. Zinavuka ziwa pamoja na wavuvi na wachuuzi wa mifugo.

Basi mafuta ya kisima cha Ngamia 1 yalipotangazwa na Rais Mwai Kibaki Machi 2012, watu walifurahi, lakini walikuwa tayari wana swali. Kisima kimoja cha mafuta huchimbwa kwa matope maalumu: udongo wa bentoniti, madini ya bariti ya kuongeza uzito, na kemikali za kulainisha na kupoza keekee. Kinachopanda juu ni mawe yaliyosagika yakiwa yamelowa matope hayo, wakati mwingine pamoja na mafuta yenyewe na maji ya chumvi kutoka ardhini. Mzigo huo huwekwa kwenye mashimo yaliyotandikwa plastiki nzito na kuzungushiwa ua. Kwenye mchoro wa mhandisi kila kitu kiko salama. Ila jua la Turkana huila plastiki, mvua ya ghafla hujaza shimo, na ua hauwezi kushindana na mbuzi mwenye kiu anayenusa chumvi. Mchungaji wa miaka 12 hana habari za mchoro. Anachojua ni kwamba maji yako pale na mbuzi wake wako hapa.

Halafu kuna madumu. Kila mradi mkubwa huleta madumu ya plastiki ya kemikali, imara, yenye kifuniko kinachobana vizuri. Katika nchi ambako mama hutembea saa nzima kufuata maji, dumu la namna hiyo ni mali. Likitupwa ovyo au likitolewa kisirisiri na mlinzi, litaoshwa kwa mchanga na kutiwa maji ya kunywa ya watoto. Ukitaka kuona kama usimamizi wa taka unafanya kazi, usianze na ripoti. Angalia maandishi yaliyo ubavuni mwa madumu yaliyopangwa foleni kisimani.

Sheria zipo, na si mbaya. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 ndiyo iliyozaa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Kanuni za taka za 2006 zinataka anayesafirisha taka hatari awe na leseni, gari liwe na leseni, na mzigo uwe na hati inayoufuata kutoka unakotoka hadi unakoteketezwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Ikaja Sheria ya Mafuta ya 2019, ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Anayezisoma zote akiwa amekaa Nairobi atadhani Lokichar inalindwa kuliko Uswisi.

Tatizo linaanzia kwenye swali dogo: nani anapima? Kila mwenye mradi anatakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira kila mwaka na kuwasilisha ripoti NEMA. Ukaguzi huo hufanywa na mtaalamu aliyesajiliwa, na mtaalamu huyo huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. NEMA hupokea, husoma, na ina mamlaka ya kwenda kukagua yenyewe. Ila ofisi ya kaunti yenye watu wachache na gari moja au mawili haiwezi kuzunguka eneo lililo kubwa kuliko nchi ya Rwanda mara mbili na zaidi. Mara nyingi anayefika kisimani hufika kwa msaada wa usafiri wa kampuni, hula kwenye kambi ya kampuni, na jioni hurudishwa na gari la kampuni. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa. Mwanakijiji aliyekaa kando ya barabara haoni uaminifu wa moyoni, anaona gari alilopanda.

Baadaye huja suala la sampuli. Maabara za Mkemia Mkuu wa Serikali ziko Nairobi, Mombasa na Kisumu. Chupa ya maji inayochotwa Lokichar husafiri mamia ya kilomita kabla ya kupimwa. Na lalamiko linalorudiwa barazani kuliko yote ni hili: walikuja, wakachota, wakaandika majina yetu, wakaenda, hatujasikia tena. Pengine majibu yalitoka na yamo ndani ya faili. Pengine yalionyesha kwamba maji ni mazuri. Faili hilo halina faida kwa mtu ambaye hajaliona, na ukimya wa serikali hutafsiriwa kwa njia moja tu. Mtu anayetoa damu hospitalini akanyimwa majibu yake ataamini ana ugonjwa mbaya unaofichwa.

Hata ripoti zinapokuwa wazi, uwazi wake ni wa wachache. Tathmini ya athari za mazingira ya mradi wa mafuta huwa na mamia ya kurasa kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kanuni zinataka tangazo litolewe pia redioni kwa lugha ya wenyeji, na Turkana ina redio zinazosikilizwa, Radio Akicha ya Lodwar mojawapo. Lakini tangazo la kusema ripoti ipo ofisini si sawa na kueleza ripoti inasema nini kuhusu shimo lililo nyuma ya manyatta ya fulani.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya pembezoni, kwamba kwingineko nchini usimamizi unafanya kazi na Turkana inahitaji subira tu. Hapo ndipo historia ya Kenya inawasaidia wananchi wa Turkana katika hoja yao. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kutoka 2007 hadi 2014 katikati ya makazi ya watu. Risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliongoza vita vya miaka na kupewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Na mzigo mkubwa zaidi wa lawama, asilimia 40, haukuwekwa kwa mwenye kiwanda. Uliwekwa kwa NEMA. Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kwa hiyo mwananchi wa Lodwar anaposema haiamini NEMA, anasema kitu ambacho majaji wamekwisha kukiandika kwenye hukumu.

Nairobi yenyewe ina Dandora. Mwaka 2007 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, jiji hilohilo, lilichapisha uchunguzi wa watoto 328 wanaoishi karibu na jalala lile. Nusu yao walikuwa na risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Jalala bado liko pale. Ikiwa jambo lililopimwa na wakubwa wa dunia, umbali wa mwendo mfupi wa gari kutoka ofisi zao na ofisi za mawaziri, limeshindikana, mtu wa Nakukulas, kijiji kilicho karibu na visima vya mafuta, atajipa moyo kwa lipi?

Nje ya mipaka yetu kuna somo la leseni. Agosti 2006 meli iliyoitwa Probo Koala, iliyokodishwa na kampuni ya Trafigura, ilishusha taka za mafuta huko Abidjan, Ivory Coast. Zikamwagwa usiku sehemu mbalimbali za jiji, watu wakafa na maelfu wakakimbilia hospitali. Kampuni ya hapo iliyozichukua ilikuwa na leseni halali, iliyotolewa wiki chache tu kabla. Mikataba ya Basel na Bamako ya kudhibiti taka hatari, yote miwili, ilikuwa imeshaandikwa zamani. Naukumbusha mkasa huo kwa sababu viongozi wetu wakiulizwa kuhusu taka hujibu kwamba anayezibeba ana leseni, kama kwamba leseni ndiyo inayoondoa sumu.

Sasa tuingie Kakuma, maana huko swali linabadilika sura. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Makazi ya Kalobeyei yakaongezwa kando yake miaka zaidi ya 20 baadaye, na kwa pamoja yana wakimbizi wapatao 300,000. Ni zaidi ya mara tatu ya watu 82,970 waliohesabiwa Lodwar mwaka 2019. Ni jiji, kwa kila kipimo isipokuwa cha utawala. Barabara fulani iko chini ya kaunti, kitalu fulani kiko chini ya idara ya serikali ya wakimbizi, hospitali inaendeshwa na shirika moja, vyoo na taka na shirika jingine, na juu ya wote kuna UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Katiba inasema ukusanyaji wa taka na majalala ni kazi ya kaunti. Taka hatari ni za NEMA. Taka za hospitali zinaihusu pia wizara ya afya na idara ya afya ya kaunti. Ukiuliza majivu ya tanuri la kuchomea sindano huzikwa wapi na nani huyakagua, utaelekezwa mlango baada ya mlango.

Mkimbizi katika hili yuko mahali pagumu. Katiba inaposema kila mtu, naye yumo. Lakini hapigi kura, hana mwakilishi wa wadi wa kumpigia kelele, na shirika analoweza kulilalamikia ndilo linalompa chakula. Mwenyeji wa Turkana anaweza kufunga barabara, na amewahi kufunga. Mkimbizi akifunga barabara huitwa mchochezi. Kwa hiyo kutoamini kwake hakusikiki, na kwa kuwa hakusikiki, ofisi huhesabu kwamba hakupo. Misaada ilipokatwa sana mwaka 2025, watu wakapunguziwa chakula na maandamano yakatokea. Fedha za chakula zikipungua namna hiyo, fedha za kuteketeza taka ndizo za kwanza kuguswa, kwa sababu hakuna anayeandamana kwa ajili ya tanuri.

Nenda kwenye maduka ya Kakuma yanayouza na kutengeneza vifaa vya sola uone betri zilizokufa zilivyorundikwa nyuma. Betri ya asidi ina risasi nyingi, na risasi ina bei. Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa kwa kilo. Kabla ya kupakia lori la kwenda Kitale, betri hufunguliwa na asidi kumwagwa mchangani, ili mzigo usimwagikie njiani na kuunguza wapakiaji. Anayemwaga ni kijana wa miaka 17 au 18 aliyevaa kandambili. Mchanga hunywa, rangi hubadilika kidogo, kesho yake watoto wanacheza mpira hapo. Hili linatendeka mchana kweupe Kakuma na Lodwar na kila mji wa barabara ya Kitale, na ni Owino Uhuru ndogondogo zilizosambaa. Sijawahi kusikia baraza lililoitishwa kwa sababu yake.

Na hapa lazima niwaambie ndugu zangu wa Turkana jambo ambalo halipendezi. Kutoamini kuna gharama, na gharama hiyo tunailipa sisi. Macho yote yakielekezwa Lokichar, sumu iliyo karibu zaidi na mtoto wa Kakuma hupita bila kuonekana. Kila kifo cha mbuzi kikiwa ni kampuni, hakuna anayeita daktari wa mifugo mapema, na maradhi halisi, yale yanayotibika kwa chanjo, huendelea. Maji mengi ya ardhini huku yana chumvi na madini ya floridi kwa asili yake, ndiyo maana unakuta vijana wenye meno ya kahawia hata sehemu ambazo hakuna mtambo wa mafuta uliowahi kufika. Mtu akilaumu kampuni kwa floridi, kampuni itashinda hoja hiyo kwa urahisi, kisha itautumia ushindi huo kukanusha na mambo ambayo ni ya kweli.

Kisa cha udhaifu huu ni kimoja: vipimo vya mwanzo. Kama kila kisima cha maji cha Turkana Kusini na Mashariki kingepimwa na mtu huru kabla ya 2012, na majibu yakawekwa hadharani, leo mabishano yangekuwa mafupi. Maji yalikuwa hivi, sasa yako hivi. Bila hicho, mwananchi hawezi kuthibitisha kwamba ameathirika na kampuni haiwezi kuthibitisha kwamba haikuathiri. Kampuni ilipima yake kwa ajili ya tathmini zake, na hilo halikatazwi, ila ni vipimo vya mtuhumiwa. Aliyepaswa kupima kwa niaba ya wananchi ni serikali.

Siasa nayo imelichanganya jambo. Oktoba 2013 wananchi walivamia maeneo ya kazi na Tullow ikasimamisha shughuli. Madai makubwa yalikuwa ajira na zabuni. Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa mafuta ghafi kwa malori kwenda Mombasa, na wiki chache baadaye wananchi wakayazuia malori hayo, safari hii kwa sababu ya usalama. Mvutano juu ya mgawo wa mapato uliendelea miaka, hadi sheria ya 2019 ilipoweka asilimia 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii inayoishi eneo la mafuta. Madai hayo yote yalikuwa ya haki. Lakini tazama mpangilio wake: taka hutajwa mkutanoni, hushangiliwa, na makubaliano yanapoandikwa hazimo. Viongozi wetu wengi wameitumia sumu kama fimbo ya kudai fedha, na fedha ikipatikana fimbo inawekwa chini. Wananchi wameliona hilo pia. Ndiyo maana hawaiamini kaunti zaidi ya wanavyoiamini NEMA.

Agosti 2019 meli ya kwanza iliondoka Mombasa na mapipa 200,000 ya mafuta ya Turkana. Ni mafuta yenye nta, yanayoganda yasipopashwa moto. Yakimwagika barabarani huganda upesi na hayakimbii mbali, bahati ndogo ya kimaumbile ambayo hakuna kanuni iliyoileta. Baada ya hapo mradi ukalala. Mwaka 2023 washirika wa Tullow, TotalEnergies na Africa Oil, wakajitoa. Mwaka 2025 Tullow ikauza mali zake za Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy kwa kiasi kisichopungua dola milioni 120. Mwenye mradi amebadilika. Mashimo, plastiki na mawe yaliyolowa kemikali hayakupanda ndege.

Hili ndilo swali kubwa la sasa, na ndilo linalofanana mno na Kargi: taka za zamani ni za nani? Katika mauzo ya namna hii, dhima za mazingira hugawanywa katika vifungu ambavyo umma hauvioni. Mnunuzi anaweza kusema hakuzizalisha, muuzaji anaweza kusema alishauza. Kikifika kizazi kingine na mtu akauliza kwa nini maji yana ladha, majina yote mawili yatakuwa yamesahaulika, kama Amoco.

Sidhani kwamba dawa ya kutoaminiwa ni kampeni za uhamasishaji, yaani fulana na mabango na semina hotelini Lodwar. Huwezi kumhamasisha mtu aache kuona anachokiona. Imani hurudi kwa vitu anavyoweza kuvihakiki mwenyewe, na vitu hivyo si ghali. Kwanza majibu ya vipimo yabandikwe kisimani, kwa Kiturkana na Kiswahili, yakisema lini, nani, kilichopatikana, na kiwango kinachoruhusiwa. Sampuli zichotwe mbele ya wazee na vijana waliofundishwa kuchota, nusu iende kwa Mkemia Mkuu na nusu kwenye maabara nyingine iliyochaguliwa na jamii. Lodwar ipate maabara ndogo ya maji ya umma, hata ya vipimo vya msingi tu. Mkaguzi wa mazingira wa mradi wa mafuta alipwe kutoka mfuko ambao mwenye mradi anachangia lakini haushiki. Na Kakuma iwe na ofisi moja, mlango mmoja, yenye jina la mtu anayewajibika kwa taka hatari za kambi na mji, anayeweza kuulizwa na mkimbizi na mwenyeji kwa pamoja.

Wakati tunangoja hayo, kuna njia ambayo haingoji mtu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi la mwananchi. Ombi la kwanza, linaloweza kuandikwa na mwalimu yeyote wa Lokichar kwa ukurasa mmoja na kupelekwa NEMA na wizara ya nishati, liwe hili: orodha kamili ya taka zilizokuwepo kwenye kila kisima siku Tullow ilipokabidhi, ujazo wake, zilipo, hati za usafirishaji za zile zilizoondolewa, na kifungu cha mkataba kinachosema nani atalipia zilizobaki. Na iombwe kabla mitambo mipya haijaanza kuchimba, maana visima vipya vikishatoa taka zake juu ya zile za zamani, hakuna maabara itakayoweza kuzitenganisha.